Sinia Moja kwa Meza Nzima: Namna ya Kula Kwenye Mkahawa wa Kiethiopia Nairobi

Chakula cha Kiethiopia huagizwa kwa ajili ya meza nzima. Watu wanne wakiketi na kila mmoja akaitisha sahani yake, bili inapanda na kila mtu anakwama na mchuzi mmoja tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Wanne hao hao wakiitisha sinia moja lenye vitu vitano, watalipa kidogo na kuonja karibu kila kilichopikwa siku hiyo. Makosa mengi ya wageni huanzia hapo kwenye menyu, kabla mkono haujagusa chakula. Ndiyo maana tutakaa zaidi kwenye kuagiza kuliko kwenye adabu za mezani, ingawa nazo zipo.

Kabla ya kutoka nyumbani

Nairobi, mikahawa hii imejikusanya sehemu chache. Kilimani na Hurlingham utapata yenye bustani, miti na nafasi ya watoto kukimbia. Westlands imeegemea zaidi chakula cha jioni, na huko pia kuna ya Waeritrea, ambao mapishi yao ni ndugu wa haya: mchuzi mwekundu wa nyama wataita zigni, injera, ule mkate mpana na laini ambao chakula hulazwa juu yake, wataita taita, na usishangae kukuta tambi kwenye menyu, kwa kuwa Italia iliitawala Eritrea tangu 1890 hadi 1941. Eastleigh ni hoteli ndogo ndogo, nyingi za Waoromo, bei ya chini na nyama ya halali. Kwingineko Mwislamu aulize. Waorthodoksi wa Ethiopia hawali nguruwe, kwa hiyo mara nyingi hutamwona kwenye menyu, lakini kukosekana kwake hakukuambii ng'ombe au mbuzi alichinjwa vipi.

Piga simu uulize mambo matatu. Injera yao ni ya teff tupu, ile nafaka yao ndogo, au imechanganywa na unga mwingine? Sherehe ya kahawa ipo siku hiyo, na saa ngapi? Baadhi ya mikahawa huifanya wikendi tu, au kwa oda. Na meza ni za kawaida au za mesob? Mesob ni kile kikapu kirefu kilichosukwa kwa nyasi za rangi, kinachobeba sinia juu yake. Kinapendeza sana, lakini vigoda vyake ni vya chini, na mzee mwenye magoti yanayouma atateseka kuinuka. Ukija na mama au shosho, omba meza ya kawaida mapema. Na kama aliyekualika ni Mwethiopia, hamtapotezana kwa saa: wao huhesabu kama tunavyohesabu kwa Kiswahili, saa moja ya jioni ikiwa ndiyo jua linazama.

Siku nayo ina uzito. Waorthodoksi hujizuia nyama, maziwa na mayai karibu kila Jumatano na Ijumaa, na tena siku 55 mfululizo kabla ya Pasaka yao. Siku hizo jiko hupika mboga na vyakula vya jamii ya maharagwe kwa wingi na kwa aina nyingi, na sufuria haikai muda mrefu kabla ya kuisha. Asiyekula nyama atakula vizuri kuliko siku zote akienda Ijumaa mchana. Anayetaka kuku na nyama aende Jumamosi au Jumapili. Krismasi yao ni 7 Januari, na mwaka mpya wao huangukia 11 Septemba, au 12 katika mwaka unaotangulia mwaka mrefu. Siku hizo weka nafasi mapema, kwa kuwa familia nzima nzima hutoka kula.

Vaa nguo ya rangi nzito. Mafuta ya berbere, kiungo chao cha pilipili nyekundu, yakidondokea shati jeupe hayatoki kwa maji na sabuni ya mkono.

Itazame injera kwanza

Teff ni nafaka ndogo sana, ndogo kuliko wimbi. Unga wake huchanganywa na maji pamoja na ersho, yale maji ya chachu yaliyobaki kwenye mkupuo uliotangulia, ukaachwa siku mbili au tatu uchachuke. Aliyekulia kwenye uji wa kuchachusha hatashtuka na ladha yake. Mpishi humimina kinyunya kwa mzunguko kwenye bamba pana linaloitwa mitad, akianzia ukingoni kuelekea katikati, anafunika, na injera inaiva upande mmoja tu bila kugeuzwa. Gesi na mvuke vikitoka juu huacha vitundu vidogo, ambavyo Waethiopia huviita macho.

Macho hayo yana kazi. Ndiyo yanayonyonya mchuzi, kwa hiyo ukimega, upande laini ukae kwenye vidole na upande wa macho utazame chakula. Ukigeuza, mchuzi unateleza na vidole vinaloa.

Injera nzuri ina macho yaliyotapakaa kila mahali, inakunjika bila kukatika, na uchachu wake unafika ulimini kisha unaondoka. Ikivutika kama chapati unapomega, ngano imezidi. Kingo zikiwa zimekauka na zinapasuka, imeachwa wazi bila kufunikwa. Chini ikiwa na utelezi na inang'ang'ania vidole, ama haikuiva ama ilirundikwa ikiwa bado ya moto. Ikikata ulimi na kuacha uchungu, imechachuka kupita kiasi. Kwa kasoro hizo una haki ya kuomba nyingine, na mkahawa unaojiheshimu utakubadilishia bila maneno.

Kuhusu mchanganyiko: Ethiopia ilipiga marufuku kuuza nje nafaka ya teff mwaka 2006 na ikaanza kulegeza mwaka 2015, na hata leo teff ni unga ghali nje ya kwao. Wapishi wengi huongeza ngano, mtama, shayiri au mchele. Hilo si udanganyifu, na injera yenye mtama inaweza kuwa tamu kabisa. Lakini kwa mtu ambaye mwili wake haukubali gluteni, tofauti ni kubwa: teff haina, ngano na shayiri zinayo. Usiulize "hii ni teff?" kwa sababu jibu litakuwa ndiyo hata kama nusu ni ngano. Uliza "mmetia ngano au shayiri humu?" na uulize pia kama injera ya teff tupu inapikwa kwenye bamba lile lile.

Kwa kiasi, injera nzima ina upana wa karibu nusu mita. Moja hutandazwa chini ya sinia, nyingine huletwa zimeviringishwa kandokando. Mtu mzima anakula moja, labda moja na nusu. Meza ya watu wanne ianze na ile ya chini pamoja na tatu za pembeni, kisha muongeze mkihitaji. Uliza kama za nyongeza zinalipiwa. Injera hukaa tumboni kuliko unavyodhani ukiitafuna, na ukiishushia soda mbili utashindwa kufika nusu ya sinia.

Kuisoma menyu

Tahajia zinatofautiana mkahawa kwa mkahawa, basi wot, wat na wet ni kitu kimoja: mchuzi mzito wa vitunguu. Vitunguu vingi hukatwa vidogo sana na kukaangwa vikavu, bila mafuta, mpaka vinywee na kuwa kama uji. Hapo ndipo huingia mafuta au samli, kisha viungo. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, kwa hiyo wot huwa imeshapikwa kabla hujafika, na mezani inaletwa baada ya dakika chache. Tibs ni kinyume chake: nyama hukatwa na kukaangwa ukishaagiza, na ni kawaida kungoja dakika ishirini au zaidi. Mkiwa na watoto wenye njaa, agizeni mboga na shiro (rojo la unga wa dengu) zije kwanza, tibs ifuate.

Neno key kwenye jina la mchuzi maana yake ni mwekundu, wenye berbere. Alicha ni wa manjano, umepikwa kwa bizari ya manjano na hauna pilipili kali. Berbere ni pilipili nyekundu iliyokaushwa ikasagwa pamoja na uwatu, tangawizi, kitunguu saumu, iliki ya Kiethiopia iitwayo korarima na viungo vingine. Joto lake hupanda taratibu na hukaa. Mitmita ni unga mwingine, wa pilipili ndogo kali, na wenyewe hauna subira. Ukiletwa kijilima cha unga wa rangi ya chungwa pembeni ya nyama, chovya kwa ncha ya tonge.

Doro wot ndicho chakula cha sikukuu: kuku, vitunguu, berbere, samli yenye viungo iitwayo niter kibbeh, na mayai ya kuchemsha yaliyozamishwa kwenye mchuzi. Wakenya wengi huvunjika moyo wanapoona kipande kimoja au viwili tu vya kuku. Kwa desturi kuku mmoja hukatwa vipande kumi na viwili na kila mtu hupata chake. Thamani ya chakula hiki imo kwenye mchuzi, na ndio uliokula saa nyingi za mpishi. Mkiwa wanne, mwambie mhudumu mapema ili ahesabu vipande na mayai yatoshe. Yai hukatwa kwa kipande cha injera na kugawanywa, halibebwi zima.

Tibs huja kwa namna nyingi. Yebeg ni ya kondoo, yefiyel ya mbuzi, yebere ya ng'ombe. Derek ni kavu, imekaangwa na vitunguu, rosemari na pilipili mbichi. Awaze tibs ina rojo la berbere. Zilzil imekatwa kwa vipande virefu. Shekla huletwa kwenye chombo cha udongo chenye makaa chini yake, ikiendelea kuchemka mbele yenu. Ushauri wetu ni kondoo au mbuzi, kwa kuwa ng'ombe aliyekaangwa haraka mara nyingi huwa mgumu, na nyama ngumu haishikiki kwa injera; utajikuta unaivuta kwa meno mbele za watu. Tena, samli huganda ikipoa. Tibs iliyokaa dakika kumi na tano inafunikwa na utando mweupe na utamu unapotea. Itakapofika, anzeni nayo, michuzi isubiri. Kama mnapenda kula polepole mkizungumza, lipeni zaidi kidogo kwa shekla.

Shiro ni unga wa dengu uliotiwa viungo, ukapikwa mpaka ukawa rojo laini. Tegabino ni shiro nzito inayoletwa kwenye chungu kidogo ikiwa inatokota. Hapa watu huungua kila siku. Chungu cha udongo hushika moto kwa muda mrefu, na rojo zito huganda kwenye ulimi. Mwageni kijiko kimoja kimoja juu ya injera, ngojeni kidogo, ndipo mle. Bozena shiro ina nyama ndani, kwa hiyo asiyekula nyama asidanganywe na jina la shiro.

Beyaynetu ni sinia la mboga mchanganyiko, na kama ni mara yako ya kwanza hiki ndicho cha kuanzia. Kwa kawaida utapata misir wot (kamande nyekundu zenye berbere), kik alicha (njegere kavu zilizopasuliwa, za manjano), gomen, ambayo kwa mtu wa Nairobi inafahamika mara moja kwa kuwa ni jamii ya sukuma wiki, tikil gomen ya kabeji na karoti na viazi, fosolia ya mishiri na karoti, mara nyingine bitruti, na kachumbari ya nyanya. Mchanganyiko wa nyama huandikwa mahberawi. Kwa yote mawili uliza ni ya watu wangapi. Sehemu moja beyaynetu ni ya mmoja, kwingine inashibisha wawili.

Kiasi tunachokipendekeza ni hiki. Watu wawili: beyaynetu moja na tibs moja. Watu wanne: beyaynetu ya wawili, tibs moja, doro wot moja, shiro moja, na ayib, ile jibini laini nyeupe isiyo na chumvi nyingi. Wakiwa sita au zaidi, msing'ang'anie sinia moja. Ombeni mawili yenye vitu vile vile, maana wa pembeni hawatafikia katikati na watakula walichopewa tu. Michuzi myekundu isizidi miwili kwa sinia. Ikiwa mitatu, ulimi unachoka na baada ya dakika kumi vyote vinakuwa ladha moja. Wekeni alicha moja na kijani moja katikati ya wekundu huo.

Pilipili ikikushinda, maji hayasaidii, kwa sababu ukali wake hauyeyuki kwenye maji. Kula ayib, au injera tupu, au uombe maziwa ya mtindi. Watoto wapewe kik alicha, tikil gomen na tibs isiyo na pilipili. Mwambie mhudumu wakati wa kuagiza, kwa kuwa pilipili mbichi ikishakaangwa na nyama haitolewi.

Asiyekula kabisa vitu vya wanyama awe mwangalifu siku zisizo za mfungo. Gomen, shiro na kamande zinaweza kutiwa samli. Sema unataka "ya tsom", yaani ya mfungo, na jiko litakuelewa mara moja: mafuta ya mimea, hakuna samli, hakuna maziwa.

Kitfo na nyama mbichi

Kitfo ni nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, iliyokatwakatwa laini sana, ikachanganywa na mitmita na samli ya vuguvugu. Kwa asili huliwa mbichi. Gored gored ni nyama mbichi iliyokatwa vipande vya mraba. Ni vyakula vya heshima, vya arusi na sikukuu, na vinastahili kuelezwa bila kukunja uso.

Hatari yake hata hivyo ni ya kweli: tegu wa ng'ombe hupita kwenye nyama mbichi, na Waethiopia wenyewe kwa karne nyingi wametumia maua ya mti wa kosso, unaoota hata kwenye milima ya Kenya, kuwafukuza. Mbali na tegu kuna bakteria, ambao nyama iliyosagwa huwabeba kuliko kipande kizima. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mtu mwenye kinga dhaifu wasiile mbichi popote.

Ukiagiza utaulizwa unaitaka vipi. Tere ni mbichi. Leb leb ni iliyopashwa moto juu juu, na hapa ndipo wengi hukosea wakidhani imepikwa; rangi inabadilika kidogo lakini ndani bado ni mbichi. Yebesele ni iliyoiva. Kama unataka usalama sema yebesele, ifungue katikati mezani, na ukiona wekundu irudishe jikoni. Huliwa na ayib na gomen, na mahali pengine na kocho, mkate mgumu wa mmea wa enset, unaofanana na mgomba.

Mkono

Nawa mikono yote miwili kabla, hata kama utatumia mmoja. Pengine utaletewa birika na beseni: nyosha mikono juu ya beseni, mhudumu anamimina, usiishike birika wewe.

Kuleni kwa mkono wa kulia. Mkenya ana faida ya kuzoea kula kwa mkono, ila mazoea ya ugali yanaweza kumpoteza: ugali unaufinyanga tonge kiganjani, unalitia shimo na kuchota, ilhali injera haifinyangwi wala haigusi kiganja. Bana kipande cha injera iliyoviringishwa kwa kidole cha pete na kidole kidogo dhidi ya sinia, kisha kwa gumba, cha shahada na cha kati umege kipande cha ukubwa wa nusu kiganja. Kilaze juu ya chakula, macho yakitazama chini, banisha vidole vitatu mpaka vikutane, na unyanyue. Vidole visifike kwenye mchuzi. Kipande kikiwa kikubwa mno chakula kinazama ndani na tonge halingii mdomoni. Kikiwa kidogo mno mchuzi unapenya hadi kwenye kucha. Mchuzi mwepesi utauweza kwa kuugusa na kuuacha unyonywe, bila kujaribu kuuzoa.

Kula upande ulio mbele yako. Kinachotakiwa kilicho mbali, mwombe aliye karibu akisogeze kwa kijiko, au zungusheni sinia. Usirambe vidole ukarudisha mkono kwenye sinia, na usirudishe kipande ulichokwisha kukiuma. Usijifute macho kabla ya kunawa. Berbere ikishaingia jichoni chakula kimekwisha kwako.

Mwenzako akikunja tonge akalielekeza mdomoni mwako, hiyo ni gursha, alama ya upendo na heshima. Fungua mdomo vizuri, inama kidogo mbele, lipokee lote kwa mara moja bila kugusa vidole vyake. Kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo heshima ilivyo kubwa, kwa hiyo usilikate nusu. Unaweza kurudisha naye akapokea. Ukiwa mgonjwa, weka mkono kifuani na ushukuru, ataelewa. Mgeni asianze yeye kumlisha mtu ambaye hajamzoea.

Injera ya chini ya sinia, ile iliyokuwa ikinywa michuzi yote tangu mwanzo, iachieni nafasi tumboni. Tunaona watu wakishiba za pembeni na kuiacha. Hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na hata mhudumu atawashangaa mkiirudisha jikoni.

Kahawa na tej

Sherehe ya kahawa, buna, huchukua saa nzima au zaidi, na haiwezi kuharakishwa. Iagizeni tibs inapofika mezani, ili jiko la makaa liwe tayari mkimaliza kula. Mkingoja mpaka sinia liondolewe, mtakaa saa moja mkitazamana.

Punje mbichi huoshwa na kukaangwa mbele yenu. Mwandalizi atapitisha kikaango ili mnuse. Vuta moshi kuelekea kwako kwa mkono, ndiyo heshima anayoisubiri. Kisha hutwangwa au kusagwa, huchemshwa kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo nyembamba, huachwa machicha yatulie, na humiminwa kutoka juu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Pembeni kuna ubani unaofukizwa na bakuli la bisi. Mwenye pumu akae karibu na dirisha au nje, kwa kuwa moshi wa punje na wa ubani huungana.

Mikupuo ni mitatu: abol, tona na bereka. Machicha ni yale yale yakiongezwa maji, kwa hiyo wa kwanza ni mkali na wa tatu ni mwepesi, nao ndio unaobeba baraka. Ukilazimika kuondoka mapema, sema kabla ya abol. Onja kabla ya sukari, kwa kuwa mara nyingi imeshatiwa, na acha tone la mwisho lenye machicha. Anayesumbuka kulala afanye sherehe hii mchana.

Tej ni pombe ya asali iliyochachushwa na majani ya gesho, na huletwa kwenye chupa ya mviringo yenye shingo, berele. Utamu wake huficha ukali, na nguvu hutofautiana kila ilipotengenezwa. Anza na moja, na aliyekuja na gari asiiguse.

Bili na mabaki

Angalia kama ada ya huduma imeshawekwa kwenye bili kabla ya kuacha bakshishi. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kwenye namba ya till kabla ya kuweka PIN, hasa pale namba imeandikwa kwa kalamu.

Mkifungiwa chakula, sisitizeni injera ifungwe peke yake na kila mchuzi peke yake. Vikichanganywa, mkifika nyumbani mtakuta rojo. Injera ikae kwenye mfuko uliofungwa vizuri, nje ya friji kwa siku moja au mbili. Friji huifanya ikauke na kumomonyoka. Kuipasha, ifunike kwa kitambaa chenye unyevu juu ya mvuke kwa sekunde chache tu. Michuzi iende kwenye friji usiku ule ule.

Asubuhi tengeneza firfir. Kwa watu wawili, chana injera mbili vipande vya ukubwa wa kidole. Kaanga kitunguu kimoja kwa kijiko kimoja cha samli au mafuta, mimina kikombe kimoja cha mchuzi mwekundu uliobaki pamoja na robo kikombe ya maji, uchemke. Zima moto ndipo utie injera, geuza mara mbili au tatu kutoka chini kuja juu, funika dakika mbili. Ukiendelea kuikoroga inavunjika na kuwa uji, na ukiitia mchuzi ukiwa bado unachemka inanywa maji yote na kuwa nzito. Juu yake weka ayib au mtindi mzito, na pilipili mbichi iliyokatwa kwa anayeitaka.